Tanga la mbele halikunjiki: inua macho juu kabla ya kufungua ngoma

Simu zinazonijia kutoka bwawa la Mtera karibu zote huanza hivi: "Fundi, ngoma imekufa." Ngoma yenyewe ni ile iliyo chini ya tanga la mbele, inayokusanya kamba ili tanga lijiviringe kwenye waya wake na mtu asilazimike kwenda omo, mbele ya boti, kulishusha kwa mikono. Nikifika, mara nyingi naikuta nzima. Ugonjwa uko kwenye kamba inayoingia kwa pembe mbaya, au waya uliolegea, au henza iliyojisokota kileleni ambako hakuna aliyeinua macho kutazama.

Nimezaliwa Pwani, nikajifunza kazi kwenye ngalawa na baadaye kwenye boti za plastiki za wageni, na sasa nina miaka kadhaa Dodoma. Watu huniuliza fundi wa matanga anafanya nini katikati ya nchi kavu. Nawaambia waende wakaione Mtera saa tisa alasiri mwezi wa Agosti. Upepo wa kusini-mashariki hauzuiwi na kitu, na majini kumejaa miti iliyozama ikiwa imesimama tangu bwawa lilipofunga Ruaha Mkuu. Maji yakijaa, bwawa hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi yakishuka, visiki vinatokeza vichwa. Humo mna viboko na mamba. Sasa wewe simama omo kwenye boti ya mita tano na nusu, mikono yote miwili imeshika tanga linalopigapiga, halafu uniambie kama hutaki kulikunja ukiwa umekaa tezi, nyuma ya boti.

Maneno nitakayotumia ni haya. Waya wa omo ni ule unaotoka omo hadi karibu na kilele cha mlingoti. Henza ni kamba ya kutwekea tanga, demani ni ya kulivutia nyuma. Kamba ya kukunjia ndiyo inayoingia kwenye ngoma. Kizungusho ni kile kiungo cha juu chenye beringi, kinachoruhusu tanga lizunguke bila kuizungusha henza.

Jaribio la kwanza: uzito uko wapi?

Usishike spana bado. Boti iwe ufukweni, asubuhi, upepo umetulia. Fungua tanga lote, legeza demani, kisha izungushe ngoma kwa mkono, si kwa kamba. Ikizunguka kwa wepesi, ngoma na beringi zake hazina kosa. Kosa liko kwenye njia ya kamba. Ikiwa nzito, legeza henza sentimita mbili au tatu ujaribu tena. Ikiwa nyepesi sasa, ulikuwa umeikaza henza kupita kiasi, na kizungusho kilikuwa kinabebeshwa mzigo usio wake. Ikibaki nzito, shusha tanga kabisa, zungusha ngoma ikiwa tupu, kisha kizungusho kikiwa mkononi. Kile kitakachokwaruza ndicho kibovu.

Dakika kumi zinatosha. Nimeona watu wakifungua ngoma nzima, vigololo vya beringi vikamwagika mchangani, kumbe henza ilikuwa imekazwa tu.

Linagoma kuanza, kisha linakuwa zito ghafla, na kileleni waya unajipinda

Hili ndilo kosa kubwa, na ndilo lililonigharimu mimi mwenyewe.

Tulikuwa tunarudi na kijana wangu wa kazi, upepo umeshaanza kupandisha mawimbi meupe. Boti ilikuwa na mfumo wa bomba la alumini, ule ambao waya wa omo unapita ndani ya bomba na tanga linaingia kwenye mfereji wake. Nikavuta kamba ya kukunjia. Tanga likazunguka mara tatu, likasimama. Nikavuta tena, likasimama pale pale. Nikaizungusha kamba kwenye kigingi, nikakanyaga ubao kwa miguu miwili, nikavuta kwa mgongo. Likaenda robo mzunguko, nikasikia juu sauti kama ya mtu anayevunja kijiti kikavu.

Kijana akatazama juu, mkono umezuia jua. "Mzee, mbona ile kamba imeuvaa waya kama shanga?"

Henza ilikuwa imejizungusha kwenye bomba chini kidogo ya kilele, mizunguko miwili imebana kabisa. Kila nilipovuta, nilikuwa naukamua waya wa omo kama nguo iliyofuliwa. Tuliposhusha mlingoti ufukweni nilihesabu: waya wa nyuzi 19, nyuzi tano zimekatika pale unapoingia kwenye kichwa chake cha juu. Zingekatika zilizobaki, mlingoti ungetuangukia katikati ya visiki.

Chanzo chake ni hiki. Henza inapotoka kwenye roda (gurudumu la kupitishia kamba) ya kileleni na kushuka ikiwa sambamba na waya wa omo, hakuna kinachoizuia kufuata mzunguko wa tanga. Kizungusho kikikwama kidogo tu, sehemu yake ya juu inazunguka pamoja na ya chini, na henza inajifunga. Dawa si nguvu. Dawa ni pembe: henza iachane na waya kwa digrii 8 hadi 10, ikivutwa kuelekea mlingoti. Kuna njia mbili za kuipata.

Ya kwanza ni kufunga kipete au roda ndogo mbele ya mlingoti, chini ya roda ya henza, ili kamba ipite humo kabla ya kushuka kwenye kizungusho. Isibane sana, ukiivuta nyuma kupita kiasi utakwangua bomba na kamba yenyewe.

Ya pili huhitajika kwa matanga ya mtumba, na hapa kwetu matanga mengi ni ya mtumba. Tanga likiwa fupi kuliko waya, kizungusho kinabaki chini, na henza inakuwa wazi kwa nusu mita au zaidi. Hapo hata pembe nzuri haitoshi. Ongeza kipande cha waya au kamba isiyonyumbulika kati ya kichwa cha tanga na kizungusho, ili kizungusho kipande hadi karibu na kilele na henza iliyo wazi isizidi kiganja. Wengi hufanya kinyume: wanaongeza kipande hicho chini, kati ya ngoma na tanga, ili tanga lisikwangue sitaha. Ukitaka kuliinua tanga, inua, lakini kipimo cha juu kisisahaulike.

Ukikutwa na hali hii majini, legeza kamba, acha tanga lifunguke lilikotoka, elekeza boti upepo uje kwa nyuma ili tanga kubwa lilikinge lile la mbele, kisha jaribu taratibu. Likigoma, shusha kwa henza. Likigoma na hapo, zungusha demani kwa mkono kulizunguka tanga na urudi nyumbani na tanga bovu. Tanga linashonwa, mlingoti ukianguka ni habari nyingine.

Kamba inajipanda ndani ya ngoma na kunasa

Hapa tena ni pembe. Kamba iingie kwenye ngoma ikiwa mraba na waya wa omo, katikati ya kimo cha ngoma. Waya wa omo umelala, kwa hiyo ngoma nayo imelala. Roda ya kwanza ikifungwa sambamba na sitaha tu, bila kuangalia mlalo huo, kamba itarundikana upande mmoja, kisha mzunguko wa juu utateleza na kuuminya wa chini. Chukua kipande cha mbao chenye pembe mraba, kiegemeze kwenye waya, ufuate kinapoelekea. Hapo ndipo mahali pa roda.

Sababu ya pili ni mkono. Anayefungua tanga kwenye upepo huachia kamba ya kukunjia iende yenyewe. Ngoma inazunguka kwa kasi, kamba inaingia ikiwa imelegea, na siku inayofuata inanasa. Iachie kupitia kiganja, ukiibana kidogo. Vaa glavu, au ujifunze kwa malengelenge kama tulivyojifunza sisi.

Sababu ya tatu inanunuliwa sokoni. Kamba ya manila, ile ya plastiki inayoning'inia kila duka la vifaa Majengo, ni ngumu, haitulii kwenye ngoma, na jua linaifanya ikwanyuke vumbi jeupe baada ya miezi. Nailoni nayo inanyumbuka kama mpira. Tafuta kamba ya poliesta iliyosukwa, milimita 5 au 6. Ikibidi iagize Dar es Salaam.

Tanga halimalizi kukunjwa, au halifunguki lote

Hesabu ya kamba ilikosewa siku ya kufunga. Kumbuka inavyofanya kazi: tanga likiwa limekunjwa, kamba imetoka na ngoma ni karibu tupu. Tanga likifunguka, kamba inaingia na ngoma inajaa. Anayejaza ngoma wakati tanga limekunjwa ameshalifunga tanga lake. Halina pa kufungukia.

Chukua tanga ambalo ukingo wake wa chini ni mita 2.4. Likikunjwa, roli yake huwa na kipenyo cha sentimita 5 hivi, yaani mzingo wa karibu sentimita 16. Gawanya, unapata mizunguko 15. Ongeza mitatu ya kuzungushia demani juu ya roli, na mingine mitatu ibaki kwenye ngoma ili fundo lisibebe mzigo: jumla 21. Ngoma yenye mzingo wa wastani wa sentimita 19 itameza mita 4. Toka omo hadi ulipokaa ni mita 3.5, na mita 1 ya kushika. Nunua mita 9, zilizobaki utafungia kitu kingine.

Mizunguko hiyo mitatu ya demani isidharauliwe. Upepo ukiwa mkali roli linabana zaidi, kwa hiyo linahitaji mizunguko mingi kuliko asubuhi ulipojaribu. Ndiyo maana mtu anapima ufukweni, kila kitu sawa, halafu alasiri pembe ya nyuma ya tanga inabaki nje ikipigapiga kama bendera ya shule.

Na kabla hujafunga fundo, angalia upande wa kukunjia. Kama tanga lako lina ule mkanda wa kitambaa kizito ulioshonwa pembezoni, ndio unaopaswa kubaki nje likishakunjwa. Ukiuona umejificha ndani, ngoma imezungushwa kinyume: toa kamba yote, uizungushe upande mwingine, na uhamishe roda.

Chini linakunjika, juu linabaki na mfuko

Mteja anayeniletea shida hii kwa kawaida alinunua kitu kisichofaa kwa alichotaka. Mifumo ya boti ndogo ni ya makundi mawili, na muuzaji wa mtandaoni hakwambii tofauti.

Kundi la kwanza ni ngoma na kizungusho peke yake, na waya umeshonwa ndani ya ukingo wa mbele wa tanga. Ni rahisi, nyepesi, haina mengi ya kuharibika. Lakini kazi yake ni mbili tu: tanga lote nje, au tanga lote limekunjwa. Ukilikunja nusu ili kupunguza tanga, chini panazunguka pamoja na ngoma, juu panachelewa kwa sababu waya unajinyonga katikati. Mfuko unabaki juu, mahali pabaya kabisa, na boti inalala.

Kundi la pili lina bomba la alumini au plastiki ngumu kutoka chini hadi juu. Bomba halinyongeki kirahisi, kwa hiyo tanga linakunjika sawasawa na unaweza kubaki na nusu au theluthi. Ni ghali, ni zito juu, na bomba huwezi kulikunja ukishusha mlingoti kila Jumapili. Mwenye boti inayovutwa na gari kutoka Dodoma mjini hadi Mtera, zaidi ya kilomita mia kwa barabara ya Iringa, mlingoti umelazwa juu, alifikirie hilo.

Kama unaniuliza mimi: boti isiyofika mita tano na nusu, inayosafirishwa kwa trela, chukua la kwanza na ukubali sheria yake. Upepo ukizidi, kunja lote, endelea na tanga kubwa lililopunguzwa. Boti inayolala majini mwaka mzima, chukua la pili. Bwawa la Hombolo, ambako maji ni madogo na nyumbani ni karibu, sioni mtu anayehitaji bomba.

Vyovyote ulivyochagua, mfuko unaweza pia kusababishwa na waya uliolegea. Ukilala kama kamba ya kuanikia nguo, hakuna ngoma itakayokunja vizuri. Kaza nyaya za mlingoti kwanza, kisha ulaumu kifaa.

Na pima kabla ya kulipa. Pini hadi pini, waya wa mita 5.80: toa sentimita 22 za ngoma na shakeli yake, 12 za kizungusho, 10 za henza iliyo wazi kileleni, na 5 za kunyooka kwa kitambaa. Tanga lisizidi mita 5.31 kwenye ukingo wa mbele. Nimeletewa tanga la mita 5.75 la waya huo huo. "Litaingia tu, fundi." Haliingii, mpaka likakatwe.

Kuna sauti ya kusaga

Huku ndiko Dodoma inakotofautiana na Pwani. Kule adui ni chumvi. Mtera maji hayana chumvi, hayali chuma haraka, ila vumbi jekundu linaingia kila tundu, hasa kwenye trela ukishaacha lami na kuelekea mwaloni. Mwenye boti anasikia ngoma inakwaruza, anaipaka grisi. Grisi na vumbi ni msasa. Wiki mbili baadaye inakwaruza zaidi, anaongeza grisi.

Jua kwanza una beringi za aina gani. Kampuni ya Harken, kwa mfano, kwenye vifaa vyake vidogo hutumia beringi za wazi zinazotakiwa kuoshwa kwa maji safi. Kampuni ya Profurl hufungia beringi zake ndani pamoja na grisi yake. Za wazi, hasa zenye vigololo vya plastiki ngumu, hazipakwi grisi kabisa. Chukua dumu la lita 20 la maji safi, si ya bwawani yenye tope, tone la sabuni ya vyombo, mimina huku unazungusha mpaka maji yatoke meupe, kisha acha ikauke. Zilizofungwa usizifungue, wala usizipulizie mafuta ya taa au petroli kwa kuwa utaiyeyusha grisi ya ndani. Na usipeleke boti kwa vijana wa kuosha magari ukawaacha waelekeze mashine ya presha kwenye ngoma. Maji ya presha husukuma vumbi mahali ambapo lisingefika lenyewe.

Safarini vika ngoma kiroba ukifunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kizungusho kitoe, kiweke ndani ya gari.

Limejifungua lenyewe boti ikiwa imeegeshwa

Kisulisuli. Kinatokea mchana, kinachukua mabati, sembuse tanga. Kamba ya kukunjia iliyofungwa ovyo inalegea, pembe ya nyuma inatoka, na baada ya hapo upepo unafanya kazi yote. Boti imeshaanguka kwenye trela kwa njia hiyo. Zungusha demani mara tatu juu ya roli, ifunge kamba kwenye kigingi kwa zamu kamili, piga kamba nyingine katikati ya roli. Ukiondoka zaidi ya siku tatu, shusha tanga uliweke ndani.

Kulishusha kunaliokoa na jua pia. Kitambaa huwa kinavumilia, uzi ndio unaotangulia kufa. Kwaruza mshono kwa ukucha wa kidole gumba: uzi ukikatika, tanga zima linashonwa upya hata kama linang'aa.

Pini na shakeli

Kila shakeli ya ngoma na kizungusho ifungwe kwa waya mwembamba au kotapini, kwa kuwa mtetemo wa trela hufungua kilichokazwa kwa spana. Miguu ya kotapini izungushiwe utepe. Mguu mmoja uliochomoza unatosha kuchana tanga zima likikunjwa. Skrubu za stenlesi zinazoingia kwenye bomba la alumini zipakwe pasti ya kuzuia kugandana, la sivyo miaka mitatu baadaye utazitoa kwa keekee. Na shakeli zinazometameta za bei ya chini, jaribu kwa sumaku kabla hujalipa. Ikinata kwa nguvu, mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa urembo. Irudishe kwenye ndoano ya duka.